Kura ya Mchana

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huanza kwa kucheka, kisha kicheko kinaniishia njiani, halafu nabaki nikishukuru. Nimekuita hapa jikoni ati unisaidie kuchambua maharagwe, lakini ukweli ni kwamba nimeliona hilo gita lako limeegemea ukuta, nimeziona na hizo rangi mlizonunua, na nimesikia kwamba kesho wewe na vijana wenzako wa kanisa hapa Kibomet, Kitale, mnaenda kule kwenye mahema, kwa wale watu ambao mlima uliporomoka ukafunika mashamba yao. Mmefanya vizuri kufikiria hivyo, wala sikukatazi kwenda. Ila nimekusikia ukimwambia mwenzako kwa simu kwamba mnaenda kuwachangamsha, hakuna mambo ya kulia kulia, ni raha tu. Hapo ndipo nikasema huyu mtoto lazima anisikilize kwanza.

Na usiangalie simu. Maharagwe haya ni mengi na mimi sina haraka.

Wakati huo nilikuwa msichana, sijaolewa huku Kitale, nakaa kwetu Sirisia kule Bungoma, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuimba. Usinione hivi sasa ninavyokohoa kohoa. Sauti yangu ilikuwa inavuka mto inasikika upande wa pili, mimi mwenyewe nilijua hivyo, na nilikuwa naringa nayo kabisa. Kwaya yetu iliongozwa na Mwalimu Wafula, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mrefu, mpole, mwenye moyo safi. Lakini ulimi wake ulikuwa ulimi wa kwetu. Unajua sisi watu wa Bungoma tulivyo na hizo herufi mbili, l na r. Wengine tulijifunza kuzitenganisha shuleni kwa kuchapwa. Mwalimu Wafula alichapwa wee, hakujifunza, na akakua akawa mwalimu vivyo hivyo. Lilian alikuwa Ririan, na redio ilikuwa ledio. Hakuna mtoto aliyemcheka, kwa sababu hata baba zao nyumbani walisema hivyo.

Mwaka ule kulikuwa na uchaguzi, na baada ya uchaguzi watu wakafukuzana huku Trans-Nzoia na kule mlimani. Sitakwambia nani alimfukuza nani. Waliofanya hivyo wanajijua, na wengi wamezeeka kama mimi. Nyumba zilichomwa, mahindi yakaungua ghalani, na watu wakakimbia na kile walichokuwa wameshika mkononi, huyu na sufuria, yule na redio isiyo na betri. Wengi waliishia kwenye mahema uwanjani, upande wa mji wa Kwanza. Humo walichanganyika watu wa makabila yote, kiasi kwamba mtu alilala ukuta kwa ukuta na ndugu wa wale waliomchomea nyumba. Wakakaa hapo wiki, halafu miezi.

Sisi Sirisia tukapata habari. Kanisa likachanga mahindi, maharagwe na mafuta ya kupikia. Mwalimu Wafula akasema chakula peke yake hakitoshi, kwamba mtu aliyepoteza nyumba anahitaji pia kutulizwa moyo, kwa hivyo kwaya iende pamoja na magunia. Kwa hilo alikuwa na akili kuliko wengi wetu. Akatunga wimbo mpya wa kupiga makofi na kuruka. Wimbo ulikuwa unawaambia watu wafute machozi, wainuke, wacheke. Tuliufanyia mazoezi hadi majirani wakauchoka, na mimi ndiye niliyepewa kuuanzisha.

Tukafika mchana, tumekaa juu ya magunia ndani ya lori. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni watoto. Wewe unajua watoto wa kwetu na lori, likiingia tu mtaani wanalikimbilia. Wale hawakukimbia, walisimama wakatuangalia kutoka mbali. Kabla sijamaliza kukung'uta vumbi kwenye gauni langu, mama mmoja mzee akaja moja kwa moja hadi niliposimama, akanipakatisha mtoto mchanga. Mama huyo kila mtu kambini alimwita Kogo, maana ndivyo watu wa mlimani wanavyomwita nyanya. Hakunisalimu. Aliniuliza kama tumeleta maziwa.

Hatukuwa tumeleta. Yule mtoto alikuwa mwepesi mno, nikahisi nimepewa blanketi tupu. Hakulia. Alitafuta kola ya gauni langu akaanza kuinyonya. Kogo akanieleza kwa sauti ya chini kwamba mama yake anaitwa Nanjala, yuko kwenye hema la mwisho. Mumewe alitoka nyumbani jioni moja akasema anaenda senta, pale madukani, kusikiliza matokeo ya kura, atarudi sasa hivi. Hakurudi. Wasamaria wema walimzika huko huko alikoangukia, na Nanjala akapata habari akiwa tayari kambini na mtoto mgongoni. Tangu siku hiyo hakuwa amelia hata kidogo. Hakuwa anakula, anaonja tu akilazimishwa. Alikaa akiangalia turubai kutwa nzima. Maziwa yake yalikuwa yamekauka, mtoto alipewa uji mwepesi na kuutapika, na nesi aliyepita alikuwa amesema wazi kwamba mambo yakiendelea hivyo, mtoto huyu hataishi. Nilimshika vizuri, mwanangu, na niliogopa. Nilikuwa nimekuja kuimba, sasa nimepewa roho ya mtu mkononi.

Ndipo Mwalimu Wafula akapanda juu ya kreti ya soda ili aonekane. Akavua kofia, akakohoa, akasema, "Ndugu zetu, poreni sana. Msiogope. Sisi tumetoka Bungoma, na tumewaretea kura."

Vichwa vyote vikainuka. Maskini Mwalimu, alipoona anasikilizwa akafurahi, akapata nguvu. Akawaambia kuna kura ya mchana, na tukimaliza kuimba kutakuwa na kura ya jioni. Akawaambia kura iko nyingi, hata watoto watapata kura. Akaomba kila mtu apange raini, wamama wenye watoto watangulie, na mtu yeyote akikosa kura yake aje kwake yeye mwenyewe, atampatia.

Nimeshaona watu wakitawanyika kwa makelele, lakini siku hiyo niliona watu wakitawanyika bila sauti, na hiyo ndiyo inayotisha. Wanawake walikusanya watoto wakawaingiza ndani ya mahema. Wanaume wakasimama. Mmoja aliokota jembe. Mzee mmoja akaja mbele akasema, "Ati kura? Tena? Kwani zile za kwanza hazijatosha?"

Na sisi kwaya tulikuwa tumejipanga pale, tunatabasamu. Masikioni mwetu hakukuwa na kosa lolote, kwa nini tushtuke? Mimi nilizinduka kwa sababu nilikuwa karibu na Kogo na nikasikia pumzi yake ikikatika. Nikapaza ile sauti yangu ya kuvuka mto, nikawaambia anasema chakula, chakula, anasema kula! Yule mzee akaniangalia. Akamwangalia Mwalimu, kisha akaangalia magunia ndani ya lori. Akarudia polepole kama mtu anayeonja kitu, "Kura ya mchana." Halafu akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika magoti, na kicheko kikaenda hema hadi hema, watu wanaelezana, mwenye jembe akaliweka chini. Mwalimu Wafula yuko juu ya kreti, hajui kinachochekwa, anasema, "Si ndivyo nimesema? Kura!" Wakaangua upya. Watu wale hawakuwa wamecheka tangu wafike pale.

Ningeweza kuishia hapo, ukaenda zako ukifikiri kazi yenyewe ni kuwachekesha watu. Lakini katikati ya kile kicheko tulisikia ukemi kutoka hema la mwisho. Nanjala hakuwa amesikia maelezo yangu. Alikuwa amesikia neno moja tu, kura, na hilo ndilo neno la mwisho mumewe alilomwachia mlangoni. Akatoka nje akiyumba, nywele zimesokotana, akaanguka chini kwenye vumbi akawa analia na kuita jina la mumewe. Alilia kwa sauti ambayo huwezi kuamini inatoka kwa mtu aliyekonda vile.

Kicheko kikakatika. Mwalimu Wafula alichanganyikiwa kabisa. Alikuwa ameelewa sasa, na aibu ilimshika hadi jasho likamtoka. Akanipa ishara kwa mkono nianzishe wimbo, tumfariji, tumtoe katika yale machozi. Nikavuta pumzi. Sauti ya kwanza ilikuwa inatoka nilipohisi kiganja kikavu, kinachonuka moshi, kimeziba mdomo wangu. Kilikuwa cha Kogo.

"Nyamaza, wewe msichana," akasema. "Hii kilio tumeingojea. Nani aliwaambia sisi tumemaliza kulia?"

Akanitoa mkono mdomoni, akaenda alipokuwa Nanjala. Hakumwinua. Hakumwambia basi. Alikaa chini kwenye vumbi, akanyoosha miguu mbele yake kama watu wanavyokaa matangani, akaanza kulia naye. Na uelewe, Kogo alikuwa wa mlimani na Nanjala alikuwa wetu, na huko walikotoka, watu wa pande hizo mbili walikuwa hawasalimiani. Mama mwingine akaja akakaa. Mwingine akaja. Mwalimu Wafula akashuka kwenye kreti, akaja akakaa chini na suruali yake nzuri, na kwaya nzima ikafuata, magauni meupe ya Jumapili kwenye udongo mwekundu. Nilikaa na yule mtoto wangu mapajani. Hakuna aliyeimba. Tulikaa tu, na sisi wenyewe tukajikuta tunalia, kila mtu na lake.

Kilio kilipopungua, Nanjala aligusa kichwa chake kwa mikono miwili, akasema kwa lugha yetu, "Bado nina nywele zangu."

Kogo hakuelewa, ikabidi nimweleze. Kwetu, baada ya mazishi siku yake ikifika, waliofiwa hunyolewa nywele, watu wakiwa wamekaa nao. Ukishanyolewa, kila mtu anajua msiba wako umeonekana na umekubaliwa, na wewe unaruhusiwa kurudi taratibu kwenye mambo ya kula na kufanya kazi. Yeye alikuwa hajanyolewa. Angenyolewa wapi, na nyumba imekuwa majivu? Hakuwa na boma wala mashemeji karibu, na kaburi lenyewe hakuwa ameliona. Alikuwa amesimama mlangoni mwa msiba miezi hiyo yote, haingii wala hatoki.

Wanawake wa kwaya wakaanza kunong'onezana. Wengine wakasema jambo hilo hufanyiwa nyumbani, si uwanjani kwa watu, na kwamba tukikosea tutamletea balaa juu ya balaa. Walikuwa na sababu ya kusema hivyo, maana mila si kitu cha kuchezea. Kogo akauliza kama nyumbani kupo. Basi macho yakamgeukia Mwalimu Wafula, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa wetu pale. Alikuwa ameapa moyoni kutofungua mdomo tena siku hiyo, hilo alikuja kuniambia baadaye. Akafikiri, akamwangalia mtoto mapajani mwangu, akasema, "Mnyoeni. Watu wa kukaa na yeye si ndio hawa."

Wembe mpya ukapatikana dukani barabarani. Aliyemnyoa alikuwa mama mmoja wa kwaya, mjane mwenyewe, mwenye mkono mtulivu. Kogo alishika karai la maji. Na hapo ndipo Nanjala akaomba tuimbe. Si ule wimbo wetu wa kuruka, tulishausahau kabisa. Tuliimba wimbo wa matanga, ule wa polepole unaorudiwa rudiwa, na wale wasiojua lugha yetu wakaushika kwa midomo iliyofungwa. Nilianzisha mimi. Sauti yangu nzuri ilikwaruza, ikakatika, watu wakaipokea wakaendelea nayo. Sijawahi kuimba vibaya vile mbele za watu, na sijawahi kuimba kwa maana vile.

Nywele zilipoisha, Kogo akamwosha kichwa. Kikabaki kinang'aa, na uso wake nikauona kwa mara ya kwanza. Alikuwa msichana tu, rika langu. Akanyoosha mikono akaomba mtoto wake. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi. Akamweka kifuani, mtoto akavuta, akakosa, akalia kwa hasira. Lakini Nanjala hakumrudisha kwangu. Akatugeukia akauliza chakula kiko wapi, na akala ugali na maharagwe mbele yetu, polepole, mtoto akiwa kifuani, Kogo akimwongezea kabla sahani haijaisha. Kisha Kogo akatufukuza sote, akasema mtu anataka kulala.

Tulilala kanisani hapo mjini Kwanza. Asubuhi tulirudi kambini, na sitakuficha, miguu yangu haikutaka kwenda lile hema la mwisho. Kogo alikuwa amekaa nje. Aliponiona akaweka kidole mdomoni, akanionyesha kwa kichwa nisikilize. Nikasogea kwenye turubai. Ndani nilisikia mtoto akimeza, anameza, anapumzika, anameza tena. Maziwa hayakuwa mengi bado, aliniambia Kogo, lakini yameanza, na nesi amesema tumpe mama uji na maji bila kuchoka. Mwanangu, nilikaa pale pale chini. Mzigo wote nilioubeba tangu jana ulinitoka mabegani, nikawa nacheka na machozi yanatoka, na Mwalimu Wafula, mtu mzima, akaenda nyuma ya lori akalia peke yake kwa furaha. Mtoto aliishi. Sasa hivi ni baba wa watu, ana tumbo, na haambiliki.

Tuliendelea kwenda. Ila hatukuenda tena na programu iliyopangwa Sirisia. Tulifika, tukakaa, tukauliza leo tufanye nini. Siku nyingine walitaka kuimba. Siku nyingine watoto walitaka kufinyanga ng'ombe wa udongo, na kila mtoto alijua majina ya ng'ombe wa kwao walioibiwa. Siku nyingine walitaka tunyamaze nao. Na siku moja wao wenyewe walitunga mchezo, yule mzee akavaa kofia ya Mwalimu akapanda kwenye kreti akawahutubia juu ya kura ya mchana, na Mwalimu Wafula ndiye aliyecheka kupita wote. Kicheko hicho kilikuwa chao, hakuna aliyewalazimisha.

Mimi na Nanjala tulibaki marafiki. Alikuja kupata chumba hapa Kitale, akauza mboga sokoni akamsomesha mtoto wake. Siku moja nilimuuliza, nikitaka sifa kidogo, kama anakumbuka jinsi tulivyomwimbia. Akacheka, akaniambia kuimba tuliimba vibaya. Halafu akasema, "Mimi nilikuwa na msiba, dada, lakini sikuwa na matanga. Siku ile mliniletea matanga."

Sasa nisikilize vizuri, maana maharagwe yanakaribia kwisha. Kesho mkifika kwenye mahema, gita liache kwenye gari kwanza. Shuka, salimia wazee kwa heshima, kaa chini pale watu wamekaa. Uliza habari za huko walikotoka na usikilize hadi mwisho, hata mtu akirudia maneno yale yale. Rangi ziwekeni mahali zinapoonekana, anayetaka atachukua. Usimwambie mtoto achore udongo ulivyoshuka, na akitaka kuuchora usimkataze. Mtu akilia, usikimbilie kumnyamazisha kwa sababu wewe ndiye unayeogopa machozi yake. Kaa naye. Usimpige picha. Muulize kwao mtu akifiwa hufanyaje, na kama hakupata nafasi ya kufanya hivyo, tafuteni wazee wake muwasaidie afanye, hata kama ni uwanjani. Na ukikosea neno, maana utakosea, usikimbie kwa aibu. Baki hapo ulipokosea. Wakitaka wimbo watakuomba wenyewe, na hapo imba hata kama sauti inakwaruza. Tena usiende mara moja ukaridhika. Rudi.

Weka hilo karai chini, nipe mikono yako. Mungu akutangulie kwenye lile tope, akupe masikio kabla ya mdomo. Wamama wa kule wakupokee kama aliyezaliwa kwao. Machozi utakayoyakuta yasikutishe, na kicheko utakachokikuta kikukaribishe. Na mtoto yeyote wa mtu watakayekupakatisha kesho, alale ameshiba.